KUNYOOSHA MABOMBA YALIYOPINDIKA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na jamaa zao, Kapkatet)



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya kazi ya mkono ambayo mtu aweza kuifanya nyumbani kwake. Wengine walitaka tuseme juu ya mishahara na kiinua mgongo. Hayo atayasema Ndugu Katibu, maana yeye ndiye mwenye karatasi. Sisi ni watu wa karakana, nasi tutasema juu ya chuma.

Sababu ya kuleta jambo hili mnaijua. Mwaka 2006, reli ilipokodishwa kwa wenye mtaji, wengi wa baba zetu walirudi nyumbani kabla ya siku zao. Walirudi na ujuzi wa miaka ishirini mikononi, lakini wengine walikaa tu kivulini wakingoja barua. Wale waliofunga jiriwa, au vaisi kama tuitavyo karakana, juu ya gogo nyuma ya nyumba, wakaanza kutengeneza baisikeli na wilbaro za majirani, hao waliweza kusomesha watoto. Hatusemi kwamba jiriwa yaweza kushika mahali pa mshahara. Twasema kwamba chama kikidai haki yako, ni vizuri watoto wawe wamekula siku hiyo.

Tena katika nchi hii yetu kazi haikosekani. Barabara kubwa ya kutoka Kericho kwenda Sotik ina lami, lakini ukiiacha hatua chache tu unaingia katika udongo mwekundu, kupanda na kushuka, na mvua ni ya karibu kila mwezi. Majani ya chai sharti yafike kituo cha kununulia, maziwa sharti yafike kwa wakati, kuni, mbolea, maji, vyote vyapita njia hizo. Ndiyo maana foki za baisikeli hupindika, mikono ya wilbaro hupindika, shoki za pikipiki hupindika. Na miguu ya madawati ya shule hupindika bila kwenda popote, kwa kazi ya watoto peke yao. Vyote hivyo ni mabomba.

Kwanza twataka tuelewane bomba ni nini. Watu wengi hudhani bomba ni chuma kilichotolewa moyo, kwa hiyo ni dhaifu. Sivyo. Bomba lina nguvu kwa sababu chuma chake chote kimekaa mbali na katikati, pande zote, kikiwa duara. Chukueni jani la kitunguu. Likiwa duara lasimama wima shambani hata upepo ukivuma. Lipinde kidogo, litakubali na kurudi. Lipinde zaidi, ghafla litabonyea mahali pamoja, na toka hapo halina nguvu tena. Waweza kulikunja huku na huku kama uzi. Bomba la chuma ni vivyo hivyo. Kuna bomba lililopindika na bado ni duara, na kuna bomba lililobonyea. Hizo ni hali mbili mbalimbali kabisa, na fundi asiyezitenga atapoteza mali ya watu, pengine na maisha yao.

Kwa hiyo kabla ya kushika nyundo, shika bomba kwa vidole. Funga macho kama unataka. Pitisha kidole gumba upande wa ndani wa pindo. Ukisikia limelala laini kama mgongo wa ng'ombe, kuna matumaini. Ukisikia kishimo au mkunjo kama wa nguo, ujue chuma kimekwisha kuumia hapo. Kisha litazame kwa urefu, jicho moja limefungwa, kama mnyapara wa genge anavyopiga magoti na kutazama reli. Mnyapara hapigi magoti kwa kuomba. Jicho likiwa karibu na chuma na kutazama mbali, kosa dogo huonekana kubwa.

Sasa, kunyoosha kwenyewe. Wenzetu wa magenge ya njia wanacho chombo cha kupindia na kunyooshea reli. Kina kucha mbili zinazoshika reli huku na huku, na skrubu nene katikati inayosukuma. Hakipigi, kinasukuma tu, polepole. Hiyo ndiyo hekima yote ya kazi hii: mahali pawili pa kushikilia, na mahali pamoja pa kusukuma. Nyundo hupiga mahali padogo na kwa ghafla, nalo bomba hubonyea kabla halijanyooka. Tumeona mabomba mengi zaidi yameharibiwa na nyundo kuliko na ajali zenyewe.

Chombo kama hicho waweza kujitengenezea kwa gharama ndogo. Tafuta jeki ya gari, ile ya chupa, hata iliyochakaa maadamu haivuji. Itie katika fremu imara ya vyuma vinene, au kati ya mbao mbili nene zilizofungwa kwa bolti ndefu. Kisha fanya vipande vitatu vya mti mgumu vya kulishika bomba. Mkaratusi uliokauka vizuri unafaa, na hapa kwetu hatuulizi mkaratusi uko wapi. Shika vipande viwili vya mti, tia karatasi ngumu katikati, vifunge pamoja katika jiriwa, na utoboe tundu moja linalopita katikati ya vyote viwili, sawa na unene wa bomba. Ukivifungua, kila kimoja kina nusu duara. Nusu duara hiyo ndiyo itakayolikumbatia bomba lisibonyee. Katika baisikeli nyeusi za kubebea mizigo, bomba la juu kwa kawaida ni la unene wa inchi moja, na lile la kiti na la chini ni inchi moja na sehemu ya nane, basi ukiwa na jozi mbili za vipande hivyo umekwisha kupata kazi nyingi.

Weka vipande viwili chini, kimoja juu ya ncha ya jeki, na mgongo wa pindo uelekee jeki. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui. Chuma kilichopindika mara moja kimekuwa kigumu kuliko majirani zake. Ukiweka vishikizo mbali mbali na kusukuma kwa nguvu, lile pindo la zamani litakataa, na chuma laini kilicho kando yake kitakubali. Utapata bomba lenye umbo la nyoka: pindo la kwanza lipo, na lingine limezaliwa kando. Basi sogeza vishikizo karibu na pindo, sukuma kidogo, fungua, tazama. Sogeza kidole kimoja, sukuma tena. Pindo refu halinyooshwi mahali pamoja, hunyooshwa kwa kutembea juu yake.

Na utaona kwamba ukilisukuma mpaka liwe sawa kabisa kisha ukafungua jeki, bomba larudi nyuma. Usilikasirikie. Chuma kina tabia ya kurudi, ndiyo inayokifanya chemchemi ya kiti cha baisikeli kifae kitu. Sharti upite kidogo ng'ambo ya unyoofu, ili kikirudi kirudie mahali unapopataka. Kupita kiasi gani? Hakuna kitabu kitakachokuambia, kwa kuwa kila bomba lina unene wake na ugumu wake. Tia alama ya chaki kwenye fremu, uone jeki ilifika wapi na bomba lilirudi kiasi gani, kisha ongeza kidogo tu. Kupita ng'ambo kisha kurudishwa tena huku kunamchosha chuma. Waya ukiukunja huku na huku hukatika, hata bila kisu. Kwa hiyo twashika sheria hii: bomba lililonyooshwa mara moja likapindika tena mahali pale pale, hatulinyooshi mara ya pili ikiwa linabeba mtu. Kitanda ni sawa. Dawati ni sawa. Baisikeli, hapana.

Pengine bomba limenyooka lakini limekuwa bapa kidogo, kama yai. Likamue katika jiriwa kwa vile vipande vya mti, upande ule mpana, taratibu. Kama lina kishimo kidogo na ncha yake iko wazi, paka grisi kipande cha chuma cha mviringo kilichochongwa ncha, kinachoingia kwa shida kidogo, na ukisukumize ndani mpaka kipite pale palipobonyea. Kama ncha haziko wazi, kama katika fremu ya baisikeli, paka grisi bomba, lifunge kati ya vipande viwili vya mti mgumu, uvizungushe huku na huku na kukaza kidogo kidogo. Kishimo kifupi hupungua sana. Hakiishi chote, lakini mwenye baisikeli hakununua kioo.

Juu ya moto tutasema machache, ingawa vijana ndio wanaoupenda. Sisi twapendelea baridi. Bomba jembamba likiwa jekundu laweza kulala lenyewe kwa uzito wake, na moto ukipita maungio ya fremu utayeyusha ile shaba iliyoyashika. Shaba ya kulehemu huyeyuka kama kwenye nyuzi 900 za Selsiasi, na nguvu zake huanza kupungua kabla ya hapo. Ikiwa ni bomba nene la lango au la mkono wa wilbaro, na baridi imeshindwa, basi jaza mchanga ndani, uushindilie, uzibe ncha kwa mti, ndipo utie moto mpaka wekundu wa giza unaouona ukiwa kivulini. Mchanga huzuia kuta zisibonyee ndani. Lakini mchanga uwe umekaangwa na kukauka kabisa! Mchanga wa mto wenye maji, ukiupasha moto ndani ya bomba lililozibwa, mvuke utatafuta njia ya kutoka, nayo njia hiyo yaweza kuwa uso wako. Watu wa reli hatuhitaji kufundishwa nguvu ya mvuke. Hata bomba tupu lililozibwa pande zote, toboa tundu kwanza. Na usimwagie maji chuma chekundu ili upate kuwahi. Kiache kipoe chenyewe.

Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki ni jambo jingine. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na moto ukizidi hutoa moshi mweupe. Mtu akiuvuta, jioni hushikwa na homa na kutetemeka kama mwenye malaria, na wengi wamemeza dawa za malaria bure. Futa zinki kwa tupa mahali utakapotia moto, na ufanye kazi hiyo nje, upepo ukiwa nyuma yako. Wako wasemao kwamba ukinywa maziwa umepona. Maziwa ni chakula kizuri, na mursik ni mzuri zaidi, lakini huenda tumboni, nao moshi umekwenda mapafuni.

Alumini tuiache. Fremu za alumini zilizopindika hazinyooshwi ili zibebe mtu. Zimepata nguvu yake kiwandani kwa moto uliopimwa, na ukizirudisha hupasuka, mara nyingi bila kukuonya. Ukitaka kujua ni chuma au ni alumini, chukua sumaku.

Sasa twafika kwenye foki ya mbele, na hapa twaomba mtusikilize vizuri. Mkitazama foki ya baisikeli kwa upande, mtaona miguu yake imejikunja mbele karibu na ekseli. Hilo si kosa, limefanywa hivyo kiwandani. Tumepata kumwona fundi mmoja aliyeinyoosha foki mpya mpaka ikawa kama fimbo, akadai malipo. Gurudumu lilisogea nyuma, kidole cha mwenye baisikeli kikawa kinagonga tairi kila akikata kona.

Foki iliyogonga kitu hupinda kurudi nyuma. Mara nyingi inayopinda si miguu tu bali pia shingo, ile inayoingia ndani ya bomba la kichwa, na shingo haionekani mpaka uifungue. Fundi mvivu hutia foki katika uma wa mti, huivuta mbele mpaka gurudumu lionekane limekaa sawa, basi. Macho yameridhika, na ufa uko ndani. Twamjua kijana wa upande wa Litein aliyekuwa akipeleka maziwa kwa baisikeli iliyotengenezwa namna hiyo. Foki ilikatika begani akishuka mteremko na debe mbili nyuma. Hakufa, tumshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kulia haukunyooka tena, na mkono wa mtu hauna jeki. Fundi alisema ni bahati mbaya. Sisi tuliiona foki ile: nusu ya mkato ilikuwa na kutu nyeusi ya zamani, nusu iling'aa. Maana yake ufa ulikuwapo siku nyingi, na yeyote angefungua angeuona.

Ufa hutafutwaje? Kwa njia ambayo karakana za reli ziliitumia zamani sana kukagua vyuma vikubwa kama ekseli, kabla ya vyombo vya siku hizi. Ondoa rangi na uchafu. Osha shingo na bega la foki kwa mafuta ya taa, uache mafuta yakae kitambo. Pangusa mpaka pakauke kabisa. Kisha paka unga wa chaki nyeupe, ule wa shuleni. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya chaki. Gharama yake ni senti chache na nusu saa. Ukiona mstari, usilehemu juu yake. Ikate foki vipande viwili mbele ya mwenyewe ili asiipeleke kwa fundi mwingine, kisha umsaidie kutafuta nyingine. Atanung'unika juu ya shilingi, lakini mwache anung'unike.

Fremu nayo, baisikeli ikigonga kwa mbele, hubonyea bomba la juu na la chini nyuma kidogo ya kichwa, upande wa chini. Pitisha kidole hapo. Rangi iliyopasuka kama matope yaliyokauka ni ushahidi. Kujua kama nyuma kumekaa sawa, funga uzi kwenye maungio ya ekseli ya nyuma upande mmoja, uzungushe mbele ya bomba la kichwa, uurudishe upande wa pili. Pima toka uzi mpaka bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo viwe sawa. Tofauti ya unene wa sarafu haidhuru sana. Tofauti ya kidole yadhuru.

Pikipiki twazisema kwa ufupi, ijapokuwa ndizo zenye fedha. Mabomba ya shoki za mbele yamepakwa kromi ngumu. Pindo dogo lisilo na mkunjo laweza kunyooshwa kwa jeki, huku ukilizungusha bomba juu ya vishikizo viwili na kutazama linavyoyumba mbele ya ncha ya msumari uliosimamishwa. Kromi ikipasuka, italikata sili na oili itavuja. Pindo likiwa lile la kuonekana toka barabarani, mwambie anunue bomba jingine. Mtu wa bodaboda hubeba abiria wawili, na pengine mmoja wao ni mwanao akitoka shule.

Jambo la fuawe. Kila mtu atataka kipande cha reli, na kweli hakuna fuawe nzuri kuliko hiyo. Lakini sisi ndio wa mwisho kuonekana na reli isiyo na karatasi. Kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na mnakumbuka Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa mali ya umma. Anayeng'oa chuma njiani anatega treni ya wenzetu. Ukitaka reli, inunue kwa halali na utunze risiti. Au tumia kipande cha ekseli ya lori, nacho kizee kilichotolewa gereji kwa idhini.

La mwisho ni bei. Mafundi wa hapa wakishindana kupunguza, yule wa bei ndogo kabisa atakuwa yule asiyefungua foki. Twaomba wanachama wenye jiriwa wakutane baada ya mkutano huu, wapatane bei moja ya kunyoosha na bei nyingine ya kukagua, na bei ya kukagua ilipwe hata foki ikikatwa. Mtu asipolipwa kwa kusema hapana, atasema ndiyo.

Tumekwisha, Ndugu Mwenyekiti. Kuna foki mbili pale kando ya ukuta na chupa ya mafuta ya taa. Mwenye chaki aje mbele, tuanze na ile iliyopakwa rangi mpya.